Usimwulize Babu Alizaliwa Lini

Kwetu tuko watatu tunaofuatilia asili ya ukoo, na kila mmoja anaidharau kidogo njia ya mwenzake. Binamu yangu anaamini karatasi, shangazi anaamini misiba. Mimi ni wa kukaa na wazee, simu ikirekodi kwa ruhusa yao.

Nianze na njia yangu. Ukimwuliza mzee wa vijijini Songea alizaliwa mwaka gani, mazungumzo yamekufa: atakutajia mwaka ulio kwenye kadi yake, ambao huenda ulikadiriwa na karani. Mwulize Uhuru ulimkuta anafanya nini. Alikuwa anachunga mbuzi, ameshaoa, au yuko Tanga kwenye mkonge na manamba wenzake? Kisha rudi nyuma: baba yake alizaliwa kabla ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, au baada yake? Nani aliondoka na mafua makubwa ya 1918? Nani alikwenda Burma na KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza? Andika matukio hayo kwanza, halafu wapange watu katikati yake. Wanahistoria nao hufanya hivyohivyo: Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, anasemekana kuvuka mto Zambezi Novemba 1835 kwa kuwa masimulizi yanasema jua lilipatwa siku ile.

Jiandae na wewe kuulizwa: "Umekuja kudai shamba?" Mjukuu anayetoka mjini na daftari, anayetaka kujua nani mtoto wa nani, lazima atiliwe shaka. Ndiyo maana mimi huanzia kwa bibi zangu wa upande wa mama, ambako sina shamba la kudai. Huko huulizia mahari: kilitolewa nini, nani alikipeleka, nani hakumaliza. Deni la mahari halisahauliki hata likipita vizazi, na lina majina ya koo mbili kwa mpigo.

Binamu yeye hushinda parokiani. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho, jirani na Songea, mwaka 1898, na vitabu vya ubatizo ni hazina kwa mwenye subira. Misheni ilichomwa moto wakati wa Maji Maji, kwa hiyo usishangae ukikuta pengo. Vitabu vya zamani vimejazwa Kilatini, Yosefu wako atakuwa Josephus, na jina la baba yake limeandikwa jinsi padre Mjerumani alivyolisikia. Lisome kwa sauti, usiliangalie tu. Ukikuta akina Josephus wawili, tazama msimamizi wa ubatizo: mara nyingi ni ndugu au jirani ambaye wazee bado wanamjua. Nenda na barua ya utambulisho ya parokia yako, na usiende Jumapili.

Shangazi hukusanya wasifu wa marehemu, zile karatasi zinazosomwa kabla ya mazishi. Anazo nyingi kwenye bahasha ya kaki. Zina tarehe, shule, vituo vya kazi na idadi ya wajukuu, lakini hunyamaza kuhusu mke wa kwanza na mtoto wa nje. Hayo utayapata kwa wanawake wanaopika. Chukua kisu, menya vitunguu, usiulize kitu.

Makaburi yanatusumbua wote watatu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, watu wakahamishwa, na wafu wakabaki kwenye matongo. Jina la mahali lililo kitabuni huenda leo halimo kwenye ramani yoyote. Tafuta mzee aliyekuwa kijana wakati wa operesheni hiyo ya kuhamisha watu, mtembee naye asubuhi kabla jua halijawa kali; miembe mikubwa iliyosimama porini bila nyumba ndiyo ya kuanzia.

Vipimo vya vinasaba sijajaribu. Bei yake inatosha kunifukuza.

Ugomvi wetu mkubwa ni jina la ukoo. Wangoni walipofika Songea kutoka kusini mwa Afrika, waliteka na kuwaingiza watu wengi wa makabila mengine, na wengi wao walichukua majina ya koo za waliowateka. Kwa hiyo jina la Kingoni halithibitishi damu ya kusini. Babu mmoja anasema tulikuja na mikuki. Mdogo wake anasema tulikutwa hapahapa. Mimi nimeandika yote mawili, kila moja na jina la msimulizi na tarehe. Binamu anataka tuchague moja kabla mti wa ukoo haujachapwa kwa ajili ya Krismasi. Shangazi ameshauri tusubiri: wazee hao wawili bado wanapeana salamu kwa shida.