Kofia chini ya kaske: namna ya kuvaa vizuri ukipanda kinga

Somo la mwezi huu ni la wanamemba wote wanaoleta mazao Lubumbashi kwa kinga (velo). Lisomwe katika mkutano wa kikundi, na kila mwenye kaske aje nayo, pamoja na kofia ao kitambala anachovaa chini yake.

Kwa nini somo hili

Kwa njia ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi, wakulima wanaingia mjini mapema na makala, nyanya, lengalenga na mahindi. Kwenye lami hiyohiyo kunapita malori makubwa ya migodi. Ukianguka pale, mkono uliovunjika unaweza kupona, lakini kichwa kilichopasuka kinaweza kuacha shamba bila mwenyewe na watoto bila mzazi.

Sasa, mwezi wa sita na wa saba baridi ya alfajiri inauma, sababu Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mtu anavaa boneti ya sufu, kisha anaweka kaske juu yake. Mwezi wa kumi ni jua na jasho: mwingine anavaa kaskete ndani. Mama naye anakuja na kitambala chake kichwani. Ndiyo maana swali linarudi kila mara: «Kofia chini ya kaske, ni mbaya?»

Jibu: si mbaya, kama kofia ni nyembamba, na kama unakaza kaske upya kila mara unapovaa kofia ao unapoitoa. Sehemu ya pili ya jibu hili ndiyo watu wanasahau.

Kaske inafanya kazi namna gani

Ndani ya kaske kuna povu gumu jeupe, la namna ile inayozunguka televizyo mpya ndani ya karto. Ukianguka, povu linabonyea, na kichwa kinasimama polepole kidogo badala ya kugonga lami mara moja. Kaske nyingi za kinga zenye alama EN 1078 zimejaribiwa kwa kuziangusha kutoka urefu wa mita 1.5 hivi, karibu na urefu ambao kichwa kinaanguka kutoka juu ya kinga.

Lakini povu linasaidia tu kama kaske iko mahali pake wakati wa kuanguka. Kaske inayocheza inateleza nyuma, na paji la uso linabaki wazi. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, na kutangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliovaa kaske isiyowakaa vizuri walikuwa na hatari ya kuumia kichwa karibu mara mbili kuliko wale waliovaa kaske iliyowakaa sawasawa. Wote walikuwa na kaske. Tofauti ilikuwa namna ilivyokaa.

Watu wa mashindano ya kinga nao walipita njia hii. Zamani wengi walikimbia na kofia ya pamba peke yake. Mwezi wa tatu 2003, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika mashindano ya Paris–Nice bila kaske, akafa. Mwaka huohuo shirika la dunia la mchezo huo, UCI, liliweka kaske kuwa lazima. Lakini mpaka leo wengi wao wanavaa ile kofia yao chini ya kaske. Wanaweza, kwa sababu ni kitambaa kimoja chembamba, na kipembe chake cha mbele ni kidogo na laini.

Kofia gani inafaa, na gani haifai

Inafaa:
– Kitambaa kimoja cha pamba, bila mshono mnene. Kinashika jasho lisiingie machoni. Wakati wa joto, kilowanishe maji kabla ya kuvaa: kinapoza kichwa.
– Kitambala cha mama, kikilazwa vizuri bila mikunjo. Fundo lishuke chini kabisa, kwenye shingo, lisikae kati ya kichwa na kaske. Misuko nayo ifungwe chini.

Haifai:
– Boneti nene ya sufu. Inainua kaske, na kaske inakaa kama sufuria juu ya jiwe.
– Kaskete yenye kifungo kigumu juu. Ukianguka, kifungo kinasukumwa juu ya fuvu. Tena kipembe chake kirefu kinazuia kaske isishuke kwenye paji la uso, na ukiinamisha kichwa kupanda mlima hauoni mbele.
– Kofia inayofunga masikio kabisa. Lori linakuja nyuma, na hauisikii.

Neno moja juu ya kaske ya mugodi ao ya kujenga: imetengenezwa kwa vitu vinavyoanguka kutoka juu. Nyingi hazina mkanda wa kidevu, zinatoka kichwani mapema, na hazilindi vizuri pembeni. Usiihesabu kuwa kaske ya kinga.

Jaribu hatua hizi tano

1. Vaa kofia kwanza, kisha kaske. Kati ya nyusi na ukingo wa kaske kuwe na nafasi ya vidole viwili tu. Kama ni zaidi, ao kama unalazimika kuisukuma ishuke, kofia ni nene.

2. Kaza kifaa cha nyuma mpaka kaske ishike kichwa bila kuumiza. Mkanda ukiwa bado wazi, inama na utikise kichwa. Kaske isianguke.

3. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, mmoja ukipita mbele yake na mwingine nyuma.

4. Funga mkanda wa kidevu. Kidole kimoja ao viwili vipite chini yake. Fungua kinywa sana: usikie kaske inavutwa chini.

5. Sukuma ukingo wa mbele kwenda juu kwa mkono. Kama kaske inaenda nyuma na paji linaonekana lote, rudia hatua ya 2.

Jua likipanda

Unatoka nyumbani saa kumi ya usiku na kofia. Saa mbili ya asubuhi jua limepanda, unatoa kofia na kuitia mfukoni. Kichwa kimepungua unene wa kitambaa, lakini kaske imebaki na kipimo cha alfajiri. Ni pale sasa unaingia mjini, kati ya malori, mabasi na pikipiki, na kaske inacheza. Simama kando ya njia. Rudia hatua ya 2, ya 4 na ya 5. Haizidi dakika moja.

Kama kaske ni ya kikundi

Kila mtu awe na kitambaa chake. Chawa na mapunye vinaweza kupita kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa kofia inayoazimwa. Tisheti ya zamani inatosha: kata mraba, ukunje kuwa pembe tatu, funga nyuma ya shingo. Kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

Kaske yenyewe ipanguswe kwa maji na sabuni kidogo. Usitumie petroli, sababu inakula povu. Usiiweke karibu na mbabula. Kaske iliyogonga chini kwa nguvu haifai tena, hata kama haionyeshi ufa: povu likibonyea, halirudi.

Mazungumzo ya kikundi

– Kati ya kofia zilizoletwa leo, ngapi zimepita hatua ya 1?
– Kwenye njia yetu ya soko, watu wanatoa kofia wapi? Mahali pale ni salama kusimama?
– Nani kati yetu anajua kushona, atengeneze vitambaa vya wote?

Kazi ya kufanya mpaka mkutano unaokuja: kila mwenye kaske amfundishe mtu mmoja wa nyumba yake hatua zote tano, kuanzia na mtoto anayetumwa mara nyingi kwa kinga.