Kuifungua Ruta na Kuiongezea Nguvu

Tangu muhula uliopita wanafunzi wengi wananiuliza: kwa nini ile ruta ya chumba cha kompyuta ilifunguliwa, na kitu gani kilitiwa ndani yake? Nimeona yafaa nijibu kwa maandishi, maana swali linaloulizwa na watu ishirini kwa pamoja mlangoni mwa darasa hujibiwa ovyo.

Kwanza yatupasa kujua ruta ni kitu gani. Ni mashine inayopokea vifurushi vya habari kutoka kwenye kompyuta, ikatazama kila kimoja kinakwenda wapi, kisha ikakipitisha katika njia yake. Fikirini ghala la korosho hapa Mtwara wakati wa msimu. Magunia yanaingia, na karani amekaa mezani. Anasoma hati ya gunia, anatazama daftari lake, anasema, "Hili mlango wa tatu." Huyo karani ndiye prosesa ya ruta. Meza yake, ambapo daftari limefunuliwa na hati zimetandazwa, ndiyo kumbukumbu. Umeme ukizimika meza hufutika yote. Nyuma yake liko kabati lenye kufuli, na humo mna kanuni za kazi ambazo hazipotei hata taa zikizimika. Hilo ndilo kadi ya kuhifadhia. Na milango ya ghala ni yale matundu ya kuchomekea nyaya.

Basi shikeni mfano huo, maana ndani yake limo jambo kubwa la somo hili. Ukiona magunia yamerundikana nje, usikimbilie kununua meza. Huenda meza yatosha, ila mlango ni mwembamba. Huenda mlango ni mpana, ila barabara ya kuja ghalani imekatika.

Mtakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mtandao ulilegea nchini kote, na hapa shuleni vijana wawili wa Kidato cha Tano wakanijia na bisibisi mkononi, wakitaka ruta ifunguliwe saa ile ile. Niliwazuia. Siku ile nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Tungalifungua ruta yetu mara kumi, tusingaliunganisha hata uzi mmoja wa waya ulio chini ya bahari.

Wala msidhani nawacheka. Mimi mwenyewe nilifanya kosa baya kuliko lao, na lilikula fedha za watu. Zamani kidogo, katika shule nyingine, tulikuwa na ruta iliyokwenda polepole. Nikasema ni kumbukumbu. Wazazi wakachanga, kibao cha kumbukumbu kikanunuliwa, nami nikakitia. Mwendo haukubadilika hata kidogo, kwa sababu laini tuliyokodi ilikuwa nyembamba, na meza pana haipanui barabara. Nilipokasirika nikakichomoa kibao ili nikirudishe dukani, nikakichomoa waya wa umeme ukiwa bado umo ukutani. Kikafa. Muuzaji hakukipokea, na ilikuwa haki yake. Mzazi mmoja aliniuliza mbele ya kikao fedha zao zimekwenda wapi, nami nikakosa jibu.

Safari hii, kabla ya kununua chochote, tuliiuliza ruta yenyewe. Kila ruta ya namna hii ina amri za kuulizia hali yake: kumbukumbu iliyotumika ni kiasi gani, karani anafanya kazi kwa asilimia ngapi, na kila mlango unapitisha vifurushi vingapi. Tuliuliza asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki mbili, tukaandika katika daftari. Tuliona laini haijajaa na prosesa imepumzika, lakini kumbukumbu ilikaribia kwisha kila siku saa za jioni, kompyuta zote zinapofunguliwa pamoja. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Kila kompyuta inapoanza mazungumzo na nje, ruta huandika mstari mmoja mezani ili ijue jibu likirudi limpelekee nani. Ukurasa mmoja wa mtandao waweza kuandikisha mistari mingi. Tena programu mpya ya ruta, yenye kuziba nyufa za usalama, ilihitaji meza kubwa kuliko ile ya zamani.

Ruta yetu ni Cisco 2911. Imezeeka, kiwanda kimeacha kuiuza, na msaada wake umekoma. Ilitoka kiwandani na kumbukumbu ya MB 512, nayo yaweza kuongezwa hadi GB 2.5. Sisi tuliongeza kibao cha GB 1, ikawa GB 1.5. (Kwa wapenda historia: ile mashine inayohesabiwa kuwa babu wa ruta zote, iliyofikishwa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles tarehe 30 Agosti 1969, ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na kumbukumbu yake ilikuwa kama KB 24 tu. Hata kabla ya kuongezewa, ruta yetu ilimzidi babu yake zaidi ya mara 20,000.)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza nakili mpangilio wote wa ruta uuweke katika kompyuta nyingine. Asiyefanya hivi atakesha. Bandika karatasi ndogo kwenye kila waya, uandike namba ya tundu lake. Halafu zima swichi, chomoa waya wa umeme, ukumbuke na ile betri ya akiba iliyo chini ya meza, kwani watu wengi huchomoa ukutani wakaisahau. Ngoja dakika chache. Kile kisanduku cha ndani kinachoingiza umeme usikifungue kabisa, maana hukaa na umeme hata baada ya kuchomolewa, nao waweza kukudhuru.

Yuko adui mwingine asiyeonekana, umeme tuli. Ndio ule unaokurusha kidogo unapovua sweta la nailoni. Mwili wa mtu hauusikii mpaka ufike kama volti 3,000, lakini chembe za kumbukumbu zaweza kuumia kwa volti chache sana kuliko hizo. Kwa hiyo waweza kukiua kibao usihisi kitu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unyevu hupunguza umeme huo, lakini haumalizi. Vaa ule mkanda wa mkononi wenye waya, ukabane mwisho wake kwenye bati tupu la ruta. Usipokuwa nao, gusa bati hilo kwanza, na uligusegusa kila mara kazi inapoendelea.

Kibao kishike kwa kingo zake, usiguse meno yake ya rangi ya dhahabu. Jasho la vidole lina chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha kutoka baharini. Chini kina pengo moja lisilo katikati, na tunduni mna kijino kinacholingana nalo. Visipolingana, geuza kibao; ukiona kwamba hata kikigeuzwa hakikubali, basi si cha ruta hiyo, rudi dukani. Wekeni akilini kwamba nguvu si ufundi hapa. Kikikaa sawasawa, kibonyeze pande mbili kwa vidole gumba mpaka vibanio vijifunge vyenyewe na usikie mlio wake.

Kadi ya milango mipya hutiwa kwa nyuma, na ruta ya namna hii ni lazima iwe imezimwa. Fungua skrubu za kibati kinachoziba nafasi, sukuma kadi mpaka ikae, kaza skrubu. Kile kibati usikitupe. Siku ukiitoa kadi, kirudishe mahali pake, kwa sababu feni imepangiwa njia ya hewa, na tundu likiachwa wazi hewa hupita mkato na vyombo vya ndani hupata joto. Sisi tulipofungua yetu tulikuta nafasi moja haina kibati, na ndani mjusi kafiri aliyekauka, mayai yake mawili, na ukungu mweupe wa chumvi juu ya skrubu. Tulisafisha kwa brashi laini na spiriti, ikachukua muda mrefu kuliko kutia kibao chenyewe.

Tulipowasha mara ya kwanza, ruta ilihesabu kumbukumbu ile ile ya zamani. Vijana wakanitazama, nami nikakumbuka wale wazazi. Tukazima, tukachomoa waya, tukafungua tena. Kibanio kimoja hakikufunga vizuri. Tukabonyeza, tukawasha, na hesabu ikapanda mpaka GB 1.5.

Daftari la vipimo limo kabatini mwa chumba cha kompyuta. Wanafunzi wa zamu wanaendelea kuandika kila jioni, na nafasi ya Alhamisi bado haina mtu.