Semeni Kabla Ufunguo Haujatoka Mfukoni

Haya wadogo zangu, sogeeni. Baridi ya Juni imeshashuka kutoka msitu wa Magamba, na kila kona ya Lushoto nasikia lalamiko lile lile: mwenye nyumba na mpangaji wake hawasalimiani. Ukiuliza vizuri, hawakugombania kodi. Kodi walielewana siku ya kwanza. Wamegombania umeme, ndoo za maji, na shemeji aliyekuja kusalimia akakaa miezi miwili.

Msimamo wangu ni mmoja. Maneno yote mazito yasemwe kabla ufunguo haujatoka mfukoni mwa mwenye nyumba. Shida yetu ni aibu. Mpangaji anaogopa kuonekana mjuaji, mwenye nyumba anaogopa chumba kikose mtu. Basi wanakunywa chai, wanachekeana, wanaagana. Ugomvi umeshaingia ndani na virago.

Tuanze na LUKU, maana hapo ndipo pana moto. Vyumba vinne, mita moja. Mwalimu aliyezoea joto la Tanga mjini anakutana na Julai ya huku, ananunua hita. Jirani yake ana taa moja na chaji ya simu. Halafu mnawaambia wachange sawa! Mama mwenye nyumba, taja mapema: mwenye hita, friji au jiko la umeme anaongeza kiasi gani. Ukiwa na uwezo, weka mita ndogo kila chumba. Utaona gharama, lakini wapangaji watakaa.

Na kuna hili la kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU: nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Sasa umehamia nyumba iliyokaa tupu miezi sita bila mtu kununua umeme. Unaweka elfu kumi, elfu tisa inakwenda na deni ambalo hukulikopa. Ukinyamaza, unavimba. Ukipiga kelele uani, unaitwa mkorofi. Mpelekee baba mwenye nyumba ile meseji ya manunuzi kwa utulivu, mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Wewe baba nawe usijifanye huioni. Ni nyumba yako.

Jambo jingine silisemi kwa utani. Wapo wenye nyumba wanaokataza kupikia barazani kwa sababu masizi yanachafua ukuta. Mpangaji anaingiza jiko la mkaa chumbani, na kwa baridi hii anafunga dirisha, anajilaza. Hewa ya mkaa inaua mtu usingizini bila harufu ya kumshtua. Ukikataza baraza, onyesha pa kupikia. Nawe mpangaji, jiko lilale nje hata kama meno yanagongana.

Mlioko ugenini mnanilalamikia kwamba wenyeji wa milimani wagumu. Simulizi ya Mbegha mnaijua? Alitoka Unguu, mwindaji asiye na kwao huku. Akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, nyama akaigawa, hadi wenyeji wakamfanya mfalme wao. Wewe ufalme hutapewa, usijidanganye, lakini kufagia uwanja na kuuliza hali ya mgonjwa wa nyumba ile hakukugharimu kitu.

Biashara ya mboga ina siku zake. Karoti zikishuka bei Kariakoo, mpigie mwenye nyumba kabla tarehe ya kodi haijafika, umtajie siku ya kulipa. Anayezima simu ndiye anayewekewa kufuli. Kufuli nalo sikubaliani nalo, wala kuezua bati mtu akiwa ndani. Hiyo ni kesi unajitafutia.

Mkataba muandike. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005, kwa hiyo hakuna atakayekupangia bei. Karatasi yenu ndiyo itakayosimama. Chuo cha mahakama tunacho hapa hapa mjini, na bado watu wanapanga kwa mdomo! Ukurasa wa daftari unatosha: kiasi, muda, notisi, umeme, maji, wageni, sahihi zenu na shahidi. Mkishindwana, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha baraza la kata liwasuluhishe, kabla ya kufikiria Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Halafu paa. Masika ya huku hayana huruma na bati lenye tundu. Andikeni nani anamwita fundi, na kama mpangaji atatangulia kulipa, risiti inakatwa kwenye kodi ya mwezi gani. Mwenye chumba kinachovuja sasa hivi aende leo jioni, mwenye nyumba akishakula.