Soko la Simu Ethiopia: Ya Kufanya na ya Kuacha kwa Mtafiti Mgeni

Haya yameandikwa kwa mchambuzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam aliyepewa wiki chache apime soko la simu za mkononi la Ethiopia. Si mapendekezo. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 120, na ukubwa huo umewalevya wengi hata wakasahau kuuliza.

Usihesabu laini ukadhani umehesabu watu. Simu iliingia Ethiopia mwaka 1894, enzi ya Menelik wa Pili, na kwa muda mrefu huduma yake ilikuwa mikononi mwa dola, kwa kampuni moja tu, ambayo leo ni Ethio telecom. Penye kampuni moja, mteja hana sababu kubwa ya kubeba laini mbili. Oktoba 2022 Safaricom ikazindua rasmi huduma zake Addis Ababa, baada ya kujaribu kwanza Dire Dawa. Sasa mwenye namba ya 09 ya Ethio telecom ananunua na ya 07 ya Safaricom kwa ajili ya bando. Kwenye jedwali lako amekuwa wateja wawili. Mfukoni pesa ni ile ile. Kwa hiyo soko laweza "kukua" mwaka mzima bila mtu mmoja mpya kushika simu. Kenya laini zilishapita idadi ya watu zamani, na hakuna anayeamini kwamba watoto wachanga wanapiga simu.

Uliza kila kampuni laini hai kwao ni ipi. Iliyotumika ndani ya siku 30 au 90? Iliyopiga, au hata iliyopokea tu? Wasiojibu, takwimu zao zikae peke yake. Ukizipanga safu moja na za wengine umedanganya, hata kama kila tarakimu umeinakili sawasawa.

Tembea, usome mabango ya maduka. Angalia namba iliyochorwa kwa rangi tangu mwanzo na ile iliyobandikwa kando baadaye. Angalia muuza duka anakuelekeza ulipe kwa telebirr ya Ethio telecom au kwa M-PESA ya Safaricom, na umeombwa ulipe wapi kabla hujauliza. Bango halithibitishi lolote, lakini litakupa maswali ambayo ofisini hayapatikani.

Usisome tarehe kwa macho ya kwenu. Mwaka wa fedha wa serikali ya Ethiopia huanza Julai 8, na kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane. Ripoti ya mwaka 2016 iliyo mezani kwako si karatasi kuukuu ya kutupa: ni mwaka wa fedha ulioishia Julai 2024. Safaricom nayo hufunga vitabu Machi 31. Anayelinganisha kampuni hizi mbili "kwa mwaka" bila kurekebisha miezi arudishiwe kazi yake.

Piga hesabu kwa birr kwanza, dola baadaye. Mwishoni mwa Julai 2024 serikali iliiachia birr ijitafutie bei sokoni. Dola moja iliyokuwa karibu birr 57 ikavuka birr 100 ndani ya wiki chache. Mapato ya kampuni yaliyogeuzwa kuwa dola yakaporomoka, wakati mteja wa mjini Adama aliendelea kununua bando kama jana. Ukitazama safu ya dola peke yake utaandika kwamba wateja wamekimbia. Kisha uliza kila gharama inalipwa kwa sarafu gani: vifaa vya minara, mikopo, mishahara. Humo ndimo hasara hujificha.

Soma leseni yenyewe, neno kwa neno. Mei 2021 kundi lililoongozwa na Safaricom lilishinda leseni ya simu kwa dola milioni 850. MTN iliyotaja milioni 600 ikakataliwa. Leseni hiyo haikuwa na huduma ya pesa kwa simu. Mwezi huo huo Ethio telecom ilikuwa imezindua telebirr. M-PESA ilianza kufanya kazi huko Agosti 2023, miaka miwili baadaye, tena kwa leseni ya peke yake. Kila aliyekadiria mapato ya 2022 kwa mfano wa Kenya alijaza kapu lisilo na kitako.

Usisahau kwamba mshindani mkubwa sokoni kwa sehemu kubwa ni mali ya serikali, na mdhibiti, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019, ni chombo cha serikali hiyo hiyo. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba masafa, minara ya kukodi na gharama za kuunganisha simu kati ya mitandao vina historia ambayo bei ya bando haikuonyeshi.

Weka kuzimwa kwa mtandao ndani ya hesabu, si kwenye tanbihi. Intaneti ilizimwa nchini kwa wiki kadhaa katikati ya 2020. Tigray ilikatiwa mawasiliano vita vilipoanza Novemba mwaka huo. Wastani wa kitaifa unaopita juu ya hayo hauna thamani.

Dodoso litafsiriwe: Kiamhari kwa herufi zake, Kioromo kwa herufi za Kilatini, Kisomali kwa mashariki. Kiingereza cha hotelini hakitakufikisha kwa mwenye kitochi.

Usiingie na simu ya setilaiti, droni au vifaa vya kupimia masafa bila kibali mkononi.

Usimrekodi muuza vocha kwa siri.

Miadi: Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa tatu asubuhi ni saa tatu asubuhi. Wazungu ndio wenye shida hapo. Wewe huna kisingizio cha kuchelewa.