Deni Lisilolipwa kwa Fedha

Muhula uliopita, katika mdahalo wa Kidato cha Nne, nilisimama nikadai ya kwamba taifa liwekalo ndege za jeshi lake chini ya jemadari wa taifa jingine limekwisha poteza uhuru wake. Nilipigiwa makofi mengi. Mwalimu wetu wa Historia aliniuliza neno moja tu: "Je, laweza kuzitwaa tena?" Sikuwa na jibu, nikaketi. Tangu siku hiyo nimesoma habari za Eindhoven, mji wa Uholanzi.

Huko, mwaka wa 2010, Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zilifungua ofisi moja ya kuamrisha ndege zao za kubeba askari, mizigo na majeruhi. Luxembourg, Hispania na Italia zilijiunga baadaye. Jemadari wa kwanza alikuwa Mjerumani, na aliyemfuata Mfaransa. Wasomaji wakumbuke ya kuwa mataifa hayo mawili yalipigana mwaka wa 1870, na 1914, na tena 1939!

Kazi ya ofisi hiyo ni kuzuia hasara. Ndege ya Mjerumani huenda imejaa ikarudi tupu, na pengine Mholanzi ana mzigo uleule wa njia ileile. Ofisi hutazama safari zote pamoja, ikaupakia mzigo wa huyu katika ndege ya yule.

Basi nani hulipa? Hapa ndipo nilipofurahi zaidi. Fedha hazipiti mkononi. Deni huandikwa kwa saa za kuruka, na kipimo ni saa moja ya ndege iitwayo C-130. Tuseme, kwa mfano tu, saa moja ya ndege fulani kubwa ni sawa na mbili za C-130. Jirani akikuchukulia mzigo kwa saa tatu, una deni la saa sita, nawe utalilipa kwa kumchukulia wake siku nyingine, au kwa kuitia mafuta ndege yake ingali angani. Bwenini kwetu sukari hukopwa kwa kijiko ikarudishwa kwa kijiko, ila hatuna karani wa kuandika, ndiyo maana tunagombana.

Ama swali la mwalimu, jibu ni ndiyo: kila taifa laweza kuzitwaa ndege zake wakati wowote. Hata hivyo sikubali kwamba nimeshindwa kabisa. Taifa lililokwisha punguza watu wake wa kupanga safari, likizitwaa ndege ghafula, nani atazipangia njia? Nimempelekea mwalimu swali hilo. Amesema tutalijadili Ijumaa.