Kuvuja mkojo baada ya uzazi kunatibika kwa mazoezi

Je, wewe ni mmoja wa akina mama ambao wakicheka, wakipiga chafya au wakijitwika mtungi wa maji hutokwa na matone ya mkojo? Hauko peke yako. Huku Likuyani ninakohudumu, mama huja akilalamikia mgongo, na ni pale anapoinuka kutoka kitini ndipo huniambia kwa sauti ya chini kwamba ameacha kwenda kanisani na kwenye chama kwa kuogopa harufu. Wengine wamekwisha kumeza dawa za kuua viini mara nne au tano bila mkojo wao kupimwa hata mara moja, jambo ambalo hunikera sana.

Aghalabu tatizo si viini. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa mfano wa machela, kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Misuli hiyo hushikilia kibofu, mji wa mimba na utumbo mpana, na hukaza njia za haja. Mimba na uzazi huilegeza. Kadhalika kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, unene na kukoma kwa hedhi. Lakini msuli uliolegea huweza kufundishwa upya, na Daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi yake tangu mwaka 1948.

Mwalimu wa mazoezi haya ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hudhani kazi yake ni kunyoosha viungo vya waliovunjika miguu tu. Hospitali kubwa huwa na idara hiyo, ikiwemo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, mwendo mfupi wa matatu kutoka Matunda. Uliza kama kuna aliyesomea misuli ya nyonga, kwani si wote.

Siku ya kwanza utaulizwa maswali mengi: umezaa mara ngapi, unakwenda haja ndogo mara ngapi usiku, unakunywa chai kiasi gani, tendo la ndoa lina maumivu? Jibu bila kuficha. Kisha mtaalamu anaweza kuomba kukupima kwa kidole kimoja chenye glavu ndani ya uke, ili ajue kama unakaza msuli unaostahili. Hapa ndipo wengi hutishika. Fahamu kwamba una haki ya kukataa, ya kuomba mhudumu wa kike awepo, na ya kusema basi wakati wowote. Ukikataa, bado utafundishwa.

Zoezi lenyewe ni kukaza kana kwamba unazuia hewa isikutoke mbele za wakwe. Usibane pumzi, wala matako, wala mapaja. Shikilia kwa sekunde chache, legeza kabisa, kisha rudia. Kiwango cha kawaida ni kukaza mara 8, na kurudia hivyo mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Usifanyie mazoezi katikati ya kukojoa, maana huenda kibofu kisimalizike. Jizoeze pia kukaza kabla tu ya kukohoa au kuinua gunia. Hila hii ndogo husaidia mapema kuliko mengine yote.

Wiki za kwanza hutaona tofauti kubwa, na hapo ndipo wengi huacha. Mume naye asidhani mkewe anapoteza nauli.

Si kila mama hupewa zoezi la kukaza. Mwenye maumivu wakati wa tendo la ndoa huenda misuli yake imekazika kupita kiasi, naye hufundishwa kuilegeza na kupumua, kukaza kutamzidishia. Mwenye kukimbilia choo kila mara hufundishwa kuongeza nafasi kati ya safari moja na nyingine, dakika chache chache.

Hata hivyo, yako mambo ya kumwona daktari kwanza: damu katika mkojo, homa, mkojo unaochoma, au kinyama kinachochungulia ukeni. Na ikiwa mkojo unachuruzika mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu uliochukua siku nzima au zaidi, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloziba tundu hilo. Mara nyingi linahitaji upasuaji, na Eldoret hiyo hiyo ipo hospitali ya Gynocare inayoshughulikia maradhi haya.

Ukienda, vaa sketi pana, beba kitambaa safi cha kubadilisha, na kwa siku tatu kabla yake andika saa unazokojoa na saa unazovuja. Karatasi hiyo itamfaa mtaalamu wako sana. Usipunguze maji ya kunywa ili uonekane mkavu.