SOMO LETU: MWENZETU HAKUWA MKAIDI
Jinsi mtu mzima anavyotafuta uchunguzi wa usonji au wa shida ya umakini



Somo hili tunalianza kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita, katika kiwanda kimoja tusichokitaja, mwenzetu aliyekuwa akipima na kufunga magunia alipewa barua tatu za onyo. Ya kwanza ilisema hamtazami kapita machoni anaposemeshwa. Ya pili ilisema aliacha kazi na kutoka nje huku ameziba masikio. Ya tatu ilisema alikataa kuhamishiwa zamu nyingine bila kutoa sababu. Sisi wajumbe wa chama tulimwita, tukamwambia: "Ndugu, acha kiburi, omba radhi." Akaomba radhi. Wiki tatu baadaye akafukuzwa. Na katika muda wake wote, hakuna gunia lake hata moja lililopungua uzito.

Baadaye sana dada yake alimpeleka hospitali, ndipo ikajulikana kwamba ana usonji, na kwamba amekuwa nao tangu utotoni. Karatasi ilifika wakati kazi imekwisha kwenda. Basi tumeona yafaa tujifunze sote, ili kosa hili lisirudiwe.

1. Mambo haya ni nini?

Usonji ni namna ubongo ulivyoumbwa. Mwenye usonji hupata taabu kufahamu yale watu wasiyoyasema kwa mdomo, kama vile ishara za uso na maneno ya mafumbo. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na makelele au mwanga mkali vyaweza kumuumiza kuliko vinavyotuumiza sisi. Daktari Leo Kanner aliandika habari zake huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akaandika huko Austria mwaka 1944.

Shida ya umakini ni jambo jingine, ingawa mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Katika karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi TDAH kwa Kifaransa au ADHD kwa Kiingereza. Mwenye shida hiyo husahau agizo alilopewa sasa hivi, huanza kazi tatu asimalize hata moja, hushindwa kutulia, hukatiza wenzake maneno. Si mvivu. Mara nyingi hujitahidi kutuzidi na bado anachelewa.

Mambo haya si wazimu, si pepo, si laana ya ukoo, wala hayaambukizi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, mahali penye wafanyakazi 500 si ajabu kuwakuta watatu au wanne. Je, kwenu wako wapi? Huenda ni wale wenye barua za onyo.

2. Kwa nini mtu mzima aende leo?

Wengi hudhani haya ni mambo ya watoto. Hata madaktari kwa muda mrefu walidhani kwamba shida ya umakini huisha mtu akikua. Siku hizi inajulikana kwamba wengi huendelea nayo ukubwani. Sisi tulisoma madarasa ya watu wengi, mwalimu mmoja na fimbo yake. Aliyeota ndoto darasani alichapwa, wala hakuna aliyeuliza sababu. Mtoto yule leo ana miaka 40, anavuna chai au anasukuma toroli, na bado anachapwa, ila sasa kwa barua.

Si kila mtu msahaulifu ana haja ya kwenda. Aende yule ambaye mambo haya yamemfuata tangu utoto, nyumbani na kazini, mpaka yanamharibia riziki au ndoa.

3. Uchunguzi wenyewe ukoje?

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji wala shida ya umakini, wala picha ya kichwa. Uchunguzi ni mazungumzo marefu. Mganga wa akili au mtaalamu wa saikolojia atakuuliza maisha yako tangu ulipoanza kusema na kucheza na wenzako. Kwa shida ya umakini aweza kukupa maswali 18 yaliyotayarishwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Maswali hayo hufungua njia tu. Hayatoshi peke yake kutoa hukumu.

Atatafuta pia sababu nyingine: kifafa, masikio yasiyosikia vizuri, kukosa usingizi kwa zamu za usiku, pombe, huzuni kubwa. Na hapa Rwanda hawezi kuacha kuuliza juu ya lile tunaloliita ihahamuka. Aliyepita katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 aweza kushtuka kwa makelele na kushindwa kutulia, wala asiwe na usonji. Hilo nalo lina matibabu yake. Kwa hiyo mtu asijipe jina mwenyewe kwa kusikia redioni.

Swali kubwa litakuwa hili: mambo haya yalianza lini? Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013 kinataka dalili kadhaa za shida ya umakini ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Kwa kawaida daktari huomba mzazi aje kushuhudia. Ndugu, tunajua neno hili linavyowachoma wengi kati yetu. Wazazi wa wengine waliuawa, na shule zao ziliachwa na madaftari yake. Hata hivyo msikate tamaa. Shangazi, dada mkubwa, jirani wa zamani, mtu mliyechunga naye mbuzi, wote hao ni mashahidi. Mwombe mmoja aje nawe, au aeleze mambo matatu anayoyakumbuka, nawe uyaandike. Kama hayupo kabisa, sema hivyo waziwazi, usitunge.

4. Njia ya hapa kwetu

Anza kituo cha afya ukiwa na kadi yako ya mituweli. Usiseme "naumwa kichwa" kwa kuona haya, sema, "Nataka kuonana na mtu wa afya ya akili." Omba karatasi ya kuhamishwa kwenda hospitali ya wilaya. Katika Rusizi tunazo Gihundwe na Mibilizi. Wao wakiona inafaa watakupeleka mbele zaidi, kwa hospitali ya akili ya Ndera huko Kigali, ambayo ina tawi Butare, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Usiruke ngazi, maana bila karatasi ya kuhamishwa mituweli hailipi. Wenzetu wanaovuka daraja la Rusizi I, wenye makao Bukavu, huko kipo kituo cha akili cha SOSAME.

Tuseme kweli: waganga wa akili ni wachache, na wanaojua usonji wa watu wazima ni wachache zaidi. Waweza kurudishwa mara mbili au tatu. Na kwa kibarua anayelipwa kwa kilo, siku ya hospitali ni siku bila mshahara. Kwa sababu hiyo twashauri kila kikundi cha akiba kitenge kidogo kwa nauli, na mjumbe mmoja amsindikize mwenzake.

Jueni pia kwamba hakuna dawa ya kuondoa usonji. Anayekuuzia dawa hiyo anakuibia. Kwa shida ya umakini zipo dawa zinazosaidia wengi, lakini hutolewa na daktari, na hazipatikani kila mahali.

5. Karatasi ni ngao au ni fimbo?

Wengine wanatuuliza: bwana mkubwa akiiona, si atanifukuza upesi zaidi? Hofu hiyo ina msingi. Karatasi ni yako, si ya kiwanda. Mwonyeshe kwanza mwakilishi wa wafanyakazi mnayemwamini, mkashauriane. Lakini kama kazi yako ni ya mashine ya kukata, usifiche hatari. Omba mahali pengine kabla kidole hakijakatika.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018, nambari 66, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wa mwili au wa akili. Ugomvi ukizuka, huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kisha kwa mkaguzi wa kazi, na mwisho mahakamani. Msimwendee mwajiri na malalamiko matupu. Ombeni jambo linaloonekana: vizibo vya masikio, taarifa ya siku mbili kabla ya kubadilishwa zamu, agizo moja kwa wakati mmoja. Mwenzetu yule wa magunia angedumu kazini kwa vitu vitatu hivyo, na havigharimu hata bei ya gunia moja.

Mtu wa kwanza katika habari za Kanner aliitwa Donald Triplett, wa Mississippi, Marekani. Alifanya kazi ya benki miaka mingi sana, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Lakini benki ile ilianzishwa na jamaa za mama yake. Mvuna chai hana mjomba mwenye benki. Ana wenzake tu. Sisi siku ile hatukuwa wenzake.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani kazini kwenu huitwa mkaidi, mvivu au kichaa? Mmewahi kumwuliza kinachomsumbua?
2. Barua ya onyo ikija, mjumbe aulize nini kabla ya kusema "omba radhi"?
3. Nauli ya kwenda Butare mtaipataje, na nani atamsindikiza mwenzenu?